Maneno ya Mwanamke wa Chumvi

Filamu ya Jumamosi ile ilikwisha, taa ikawashwa, na hakuna aliyeizungumzia. Ilikuwa ya mapigano, magari yakiruka juu ya madaraja, na akina mama waliojaa mabenchi ya mbele walikuwa wamepiga vigelegele pale panapostahili vigelegele. Lakini chai ilipoanza kumiminwa, Klara wa saluni aliweka kikombe chake chini akasema yeye bado yuko na ile ya wiki iliyopita. Ile ya mwanamke wa chumvi. Alisema wiki nzima ameosha vichwa vya watu, mikono iko kwenye povu, mawazo yako kule.

Raheli, aliyekaa pembeni karibu na mlango na binti yake Shukrani mapajani, aliiacha chai impite bila kuipokea. Na yeye alikuwa kule kule. Ndiko kulikomleta leo.

Banda la Dula, pale nyuma ya soko la Lushoto, siku nyingine lilikuwa la wanaume na mpira wao. Jumamosi alasiri lilikuwa la filamu za kuliza watu, na filamu ikiisha hapana ruhusa ya kuondoka kabla kikao hakijakaliwa. Chai inapita, mihogo ya kukaanga inapita, na kila mmoja anatoa hukumu yake: nani kakosa, nani kaonewa, na yeye angekuwa pale angefanyaje. Humo ndimo watu walimowasuta wakwe zao kwa kupitia wakwe wa kwenye filamu. Waume walionywa humo, na majirani wakaombwa radhi, wote bila kutajwa jina.

Na mwenye sauti zote alikuwa Dula. Filamu hazikuja na Kiswahili. Dula alikaa nyuma ya pazia na kipaza sauti, akashusha sauti ya filamu na kupandisha yake, akawa mzee, akawa mtoto, akawa bibi harusi anayelia. Kiingereza alikipata miaka ile alipotembeza wageni msituni kule Sigi, na kila filamu aliitazama kwanza peke yake, akisoma maandishi ya chini, kabla ya kuwasemea wenzake. Waliomzoea walikuwa wameshasahau kwamba wale watu wa kwenye kioo wana maneno yao wenyewe.

Kwa kuwa Mwalimu Masudi hakuwepo wiki iliyopita, Klara alimsimulia. Mwanamke wa huko Korea, kazi yake kuvuna chumvi. Mume kamwacha na mtoto mchanga, kaenda mjini, kimya. Akatokea seremala, mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu, akamzibia paa lililokuwa linavuja. Basi siku moja mume huyo karudi. Kasimama uani, mvua inampiga, anaomba aingie. Mama wa watu akamtazama weee, kisha akasema maneno mazito. Akamsamehe. Akamwambia mtoto hakui vizuri bila baba aliyemzaa, ingia ndani.

"Vizuri," alisema Mwalimu Masudi. "Hapo ubaya uko wapi?"

"Ubaya uko miguuni, Mwalimu. Kamwambia mwenziwe ingia, halafu yeye katoka. Kambeba mtoto mgongoni, kashika njia, mume kabaki uani na mvua yake. Filamu imekwisha. Sasa huo ni msamaha gani wa kuondoka?"

Suleimani, dereva wa lori la kabichi, alikumbusha kwamba Dula alikwisha kulieleza hilo. Mama alikuwa anakwenda stendi kuchukua mizigo ya mume.

"Na mtoto mgongoni? Kwenye mvua?" Klara alimgeukia. "Mwanamume katoka mjini na mikono yake miwili, mizigo akafuatwe na mke. Labda nyumbani kwako, Suleimani."

Banda zima liliangua kicheko, na Suleimani akacheka zaidi ya wote. Mwalimu Masudi alidhani pengine filamu imekatwa kipande. Nyuma ya pazia Dula alikuwa anakunja nyaya, akajibu kwamba ndivyo wanavyozimaliza hao, mtu ujazie mwenyewe. Lakini sauti yake, ile iliyozoea kuwa watu kumi kwa mpigo mmoja, ilitoka ndogo kama ya mtu aliyeamka na homa.

Raheli hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vya Dula chini ya pazia.

Viatu vile aliwahi kuvijua vikitembea kando ya vyake. Msimu wa plamu uliopita Dula alikuwa akimsindikiza kutoka darasa la jioni la watu wazima mpaka mlangoni pake, Shukrani akiwa amelala begani mwa Dula na mdomo wazi. Hapo ndipo alipomwambia, kwa sauti yake halisi, kwamba akimaliza kuezeka banda atatuma mshenga. Raheli alirudi ndani akakaa mbele ya cherehani yake mpaka asubuhi bila kushona chochote. Halafu, pasipo ugomvi wala neno baya, Dula akakoma kumsindikiza. Wiki zikapita. Na kutoka kwa Alen, baba wa Shukrani, yule aliyekimbilia machimboni mimba ilipoanza kuonekana, ukaja ujumbe: amerudi, ana kiwanja Korogwe, anaomba kumwoa Raheli na kumchukua mtoto wake.

Jumamosi iliyopita ndipo filamu ile ilipoonyeshwa. Raheli aliisikiliza yote machozi yakimchuruzika, na kwenye kikao akajikaza akamwuliza Dula mbele ya watu: ungekuwa wewe yule seremala, ungefanyaje? Dula alijibu bila kuinua uso kwamba angewafungia mizigo yao. Watu walimsifu kwa uungwana. Raheli alikwenda zake nyumbani, na kesho yake akampelekea mama yake neno kule Mponde. Ndiyo. Wazee wa Alen waje.

Walikuwa wanakuja kesho, baada ya ibada.

"Dula," alisema sasa, na hakupandisha sauti. "Yule mama hakusema hayo."

Vikombe vilisimama njiani.

"Alisema nini?" aliuliza Klara.

"Mwulizeni aliyemsemea."

Mwalimu Masudi alikuwa amefundisha miaka mingi, alijua wakati wa kulitoa darasa nje. Alimaliza chai yake kwa funda moja, akasimama, akasema kikao kimefungwa na mihogo wataimalizia kwa Klara. Suleimani alitaka kuuliza jambo, akashikwa mkono. Klara alimwinua Shukrani taratibu kutoka mapajani mwa mama yake, akamwambia twende tukasuke nywele kama za kwenye filamu. Alipompita Raheli alimminya bega, basi.

Wakabaki wao wawili na mabenchi. Ukungu ulikuwa umeshaingia mpaka kizingitini. Dula alitoka nyuma ya pazia, waya bado umemzunguka mkononi, akakaa benchi la mbele yake. Macho yake yalikwenda kwenye kitambaa cha kichwa cha Raheli, kwenye mikono yake, kila mahali isipokuwa machoni. Raheli alimsubiri. Alikuwa na hasira, naam, lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kibaya zaidi, kilichokuwa kikifurahi kwamba kimemwona kwa karibu tena.

Alimweleza alivyojua. Filamu ilimkaa kifuani, akamwomba mwalimu wa darasa la jioni, si Masudi, amtafutie kwenye simu ili aione tena ule mwisho. Aliiona, na maandishi ya Kiingereza chini. Kiingereza chake ni cha kuokoteza, hilo alilikiri, lakini yale maneno yalikuwa mafupi, ya mtu aliyechoka. Aliyasoma akayarudia mpaka simu ikaombwa na mwenyewe.

"Ulibadilisha kwa sababu gani?"

"Nilidhani itakuwa nyepesi."

"Kwa nani?"

"Kwangu. Nisingeweza kukutazama nikakwambia nenda kwa Alen. Mdomo ungekataa. Nikampa yule mama aseme."

"Nimetoa jibu la maisha yangu, Dula. La maisha ya mwanangu. Kwa maneno uliyoyatunga nyuma ya pazia." Alikivuta kitambaa chake cha kichwa nyuma. "Kama hukunitaka ungeniambia hukunitaka. Ningelia, ningenyamaza, ningeshona."

"Sijakataa kukutaka hata siku moja."

"Sasa nani alikwambia niende kwa Alen?"

Dula aliufungua ule waya mkononi, akaukunja upya. Jibu halikutoka kwake.

"Ni mimi," alisema mtu mlangoni.

Mama yake Raheli alikuwa amesimama na mfuko wa mchele kichwani na kreti ya soda miguuni, vitu vya wageni wa kesho. Alikuwa ameshuka na gari la asubuhi, amezunguka sokoni, sasa amekuja kumchukua mwanawe wapande wote Mponde. Ni muda gani alikuwa amesimama pale, hapana aliyejua. Dula aliinuka upesi, akampokea mfuko, akamwamkia shikamoo huku kainamisha kichwa. Mama aliitikia marahaba kwa upole, upole ambao Raheli hakuutarajia, akaketi kwenye benchi na kunyoosha miguu yake iliyochoka kwa kuchuma chai.

Hakujitetea. Alieleza kama anavyoeleza mambo ya shamba. Ni kweli alimfuata Dula, msimu ule ule wa plamu, Alen alipoanza kutuma salamu. Kwanza alimwambia la dini: wao Walutheri, yeye Mwislamu wa Tanga, na baba mkubwa Timotheo, aliyebaki mkubwa wa ukoo, hatakubali kirahisi. Dula alikuwa na jibu la hilo, alikuwa tayari kusubiri. Ndipo alipomwambia la pili.

"Mimi nimelelewa na baba wa kambo, Raheli. Sijawahi kukwambia kwa sababu hakunipiga. Mtu akikupiga unapata cha kusimulia. Yeye alikuwa ananipita tu. Watoto wake wanakula, mimi nakula kilichobaki. Watoto wake wanalala chumbani, mimi nalala jikoni na mbuzi, na mama yangu anaona, ananyamaza, kwa sababu nyumba si yake." Alikuna kiganja chake cheusi kwa utomvu wa majani. "Nikamwambia huyu kijana, kama unampenda mjukuu wangu kweli, mwache apate baba aliyemzaa. Akalia hapo nje mlangoni. Akasema sawa mama."

Raheli alimtazama Dula. Kijana aliyewasemea watu wote wa dunia alikuwa anauegemeza mfuko wa mchele kwenye benchi. Hasira aliyokuja nayo ilitafuta pa kusimama, isipate. Wote wawili walikuwa wamempenda mtoto wake. Wote wawili walikuwa wamekaa wakamwamulia, kama vile yeye ndiye anayelala begani na mdomo wazi.

"Iweke," alisema.

"Nini?"

"Ule mwisho. Uweke tena, umsemee yule mama maneno yake. Mama asikie."

Dula aliingia nyuma ya pazia. Walisikia akipapasa flashi, ikamponyoka, akaiokota. Kioo kikawaka. Pale palikuwa na uwanja mweupe wa chumvi, mvua, na mwanamume aliyelowa amesimama uani. Mama yake Raheli alisogea mbele kidogo. Hakuwahi kuingia banda la video maisha yake yote, na alimtazama yule mwanamke wa kwenye kioo kama anavyotazamwa mgeni aliyefika na shida. Mwanamke akafungua mdomo. Sauti iliyotoka kwenye spika haikuigiza kilio wala wembamba wa kike. Ilikuwa sauti ya Dula mwenyewe.

"Sikukungoja. Watu walidhani nakungoja, na wewe ulidhani nakungoja. Nilikuwa naishi tu. Nyumba nakuachia, ni ya kwenu. Paa halivuji tena. Mimi na mwanangu tunakwenda kwa aliyeliziba."

Mwanamke akambeba mtoto, akashika njia. Safari hii miguu yake ilikwenda sawa na maneno yake.

Kioo kilizimwa. Kwa mbali walisikia Shukrani akicheka saluni kwa Klara. Mama alikaa na mikono juu ya magoti, na alipozungumza hakumwambia binti yake, alizungumza na pazia.

"Huyo seremala ana nyumba?"

"Ana karakana, mama. Analala humo humo."

"Mtoto akifika atalala wapi?"

"Filamu haionyeshi."

"Hawaonyeshi," alisema mama. "Ndipo wanapoizima. Toka huko nyuma mwanangu, nikuone. Wa kwangu atalala wapi?"

Dula alitoka. Mikono yake ilikuwa mitupu, hakujua pa kuiweka. Raheli alijizuia kumsaidia kwa jicho au kwa neno.

"Nina chumba kimoja hapo nyuma, mama, na kitanda kimoja. Hicho ni chake yeye na mama yake. Mimi nitalala juu ya mabenchi haya mpaka nijenge cha pili." Alivuta pumzi. "Kula tutakula sinia moja. Siku utakayosikia amekula makombo, njoo umchukue, na mama yake umchukue. Sitakuuliza kitu."

"Na la kanisa?"

"Hilo sina jibu leo."

Mama alimkazia macho kwa muda. "Afadhali umesema huna. Ungekuwa nalo upesi ningejua umelitoa kwenye filamu."

Alisimama, akajitwisha mchele wake mwenyewe. Alisema wageni wa kesho hawatafukuzwa, mtu aliyealikwa hafukuzwi, watakula na kunywa walichonunuliwa. Lakini siku zote yeye ndiye aliyemjibia Raheli mbele ya wazee, na kesho hatamjibia. Na Dula asionekane Mponde kesho. Mtu hachumbii kwenye ugeni wa mwenzake. Siku akiwa na mshenga, na neno la kumwambia mzee Timotheo juu ya dini, apande mchana, watu wamwone. Alipokwisha kusema alitoka kumfuata mjukuu wake, akiwaachia kreti ya soda na dakika chache ambazo hakuzitaja.

Raheli na Dula walisimama wakitazamana. Kulikuwa na hatua moja kati yao na hakuna aliyeipiga.

"Usinisemee tena," alisema Raheli. "Hata kwa wema."

"Sitakusemea."

"Kama una neno langu, niletee mimi."

"Ninalo," alisema Dula. "Lakini neno la kesho si langu. Kwanza la kwako."

Aliinama akaibeba kreti mpaka stendi, hatua kadhaa nyuma yao, akaiweka ndani ya gari, akaagana na mama kwa heshima, akageuka. Raheli hakumpungia mkono. Alimtazama mpaka ukungu ulipommeza, na moyo wake, uliokuwa umelala kama mgonjwa kwa wiki zile zote, ukaanza kuuma upya. Aliupokea uchungu ule kwa shukrani. Kinachouma hakijafa.

Jumapili, nyumbani kwa mama kule Mponde, wazee wawili wa upande wa Alen walikaa kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Walikuwa watu wa adabu. Walitoa salamu za kijana wao, wakalikubali kosa lake la zamani bila kulipunguza, wakaomba kusikia kwa masikio yao lile jibu lililotumwa. Baba mkubwa Timotheo, kwa mazoea, alimgeukia mama yake Raheli. Mama aliyatazama majani ya chai nje ya dirisha.

Raheli alisimama. Kitenge chake kipya kilikuwa kigumu.

"Shikamooni wazee. Lile jibu nililituma mimi, na mimi nalirudisha. Naomba radhi kwa safari yenu." Aliyatoa maneno polepole, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Alen ni baba wa Shukrani. Siwezi kulifuta hilo na sitaki. Aje amwone, amlipie shule, mtoto amjue na amwamkie. Mlango wa mtoto uko wazi. Wangu mimi nilikwisha kuufunga zamani, kabla hajafikiri kurudi. Sikumfungia kwa chuki. Nilikuwa nalea."

Mzee Timotheo alikunja uso. Mkubwa wa wale wageni, mwenye ndevu nyeupe, alimtazama Raheli kwa makini, bila ukali.

"Maneno haya, binti yangu, nani amekutia kinywani?"

"Hakuna, baba. Ni ya kwangu. Nimechelewa kuyapata, mnisamehe."

Yule mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akaichukua kofia yake iliyokuwa juu ya goti, akaiweka tena pale pale. Hakuondoka. Alisema amesikia, na atayafikisha kama yalivyo.

Ndipo mama alipoinuka kwenda kuepua wali. Alipofika mlango wa nyuma alisimama, akamwita Raheli aje ampokee sufuria. Kuni zilikuwa mbichi, jiko zima limejaa moshi. Walipakua wakiwa wameinama pamoja, wali kwanza, kisha nyama, wakiyafuta macho kwa ncha za khanga zao, na hapana aliyemwuliza mwenzake analilia nini.